Gegedu Hai kutoka kwa Aliyefariki: Ninayoyaona Katika Upasuaji wa Goti

Mwaka 1743 daktari wa Kiskoti, William Hunter, aliwasilisha mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi mjini London, makala kuhusu muundo na maradhi ya gegedu la maungo, na humo akaeleza jambo ambalo wapasuaji wa mifupa wanalirudia mpaka leo: gegedu likishaharibika, halijirudishi. Ngozi hufunga, mfupa huunga, ini huota upya kwa kiasi chake, lakini lile tabaka jembamba linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti likishachimbika hubaki shimo. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji wa mifupa huku Ohio, Marekani, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na katika upasuaji wote ninaousaidia hakuna unaonigusa kama ule wa kuliziba shimo hilo kwa kipande cha gegedu hai kilichotolewa kwa mtu aliyekwisha kufariki. Ni tiba ambayo kila kanuni yake, kuanzia joto la jokofu hadi uzito wa nyundo ya mpasuaji, imewekwa ili kuzilinda chembe hai chache za mtu ambaye pengine amekwisha kuzikwa, na bila kulielewa hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini tiba hii ni adimu, ni ghali, na kwa nini bado haijafika kwetu Afrika Mashariki.

Ndugu na jamaa wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam hunipigia simu kila wanapopata tatizo la goti, na maelezo yao karibu kila mara ni yaleyale: goti limesagika, ute umekauka. Halafu hunisomea orodha ya tiba walizokwisha kujaribu, yaani maji ya bamia iliyolowekwa usiku kucha, supu ya makongoro, na vidonge vya glukosamini vilivyonunuliwa kwa bei ya kuumiza. Bamia ni mboga njema na supu ya makongoro ni chakula kizuri, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojaza shimo kwenye gegedu. Tena ute wenyewe kwa kawaida haukauki. Utando unaoizunguka goti kwa ndani ndio unaoutengeneza, na goti lililoumia mara nyingi huzalisha ute mwingi kupita kiasi, ndiyo maana huvimba na watu wakasema limejaa maji. Kilichopungua ni lile tabaka ambalo ute ule ulikuwa ukililainisha na kulilisha.

Gegedu zima, ukiliona taa za chumba cha upasuaji zikiwa zimeliangazia, ni jeupe, lina unyevu na linang'aa kama nyama changa ya dafu. Unene wake katika sehemu nyingi za goti ni milimita 2 hadi 4 tu, na huwa nene zaidi nyuma ya pia ya goti. Sehemu yake kubwa ni maji, kati ya asilimia 65 na 80, yaliyoshikiliwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni na protini nyingine zinazoyavuta maji hayo na kuyazuia yasitoke kwa urahisi. Chembe hai zenyewe ni chache mno, asilimia chache tu ya ujazo wote, na kila moja imekaa peke yake katika kijumba chake ndani ya wavu ule, ikiutengeneza na kuukarabati polepole. Hakuna mshipa wa damu unaofika hapo, wala neva. Chakula cha chembe hizo huja kupitia ute, ambao huingia na kutoka kadiri mtu anavyotembea na gegedu linavyobanwa na kuachiwa.

Katika maelezo hayo mafupi imo sababu ya msiba wote. Kwa kuwa hakuna damu, hakuna donge la damu linaloganda juu ya jeraha, na bila donge hakuna chembe za ukarabati zinazokimbilia pale. Kwa kuwa hakuna neva, mtu anaweza kuishi na ufa kwenye gegedu bila kuhisi lolote mpaka mfupa ulio chini yake uanze kubeba mzigo usiouhusu. Anapofika kwa daktari akiwa analalamika kwamba goti linavimba baada ya kazi, linakwama katikati ya kukunjwa, au linauma anaposhuka ngazi, mara nyingi picha ya MRI huonyesha shimo lenye kingo zilizosimama wima na mfupa ulio wazi katikati. Wapo walioumia mchezoni au katika ajali. Wapo pia vijana, wengine wakiwa bado shuleni, ambao kipande cha mfupa wa paja karibu na goti kilikosa damu, kikafa, kikalegea pamoja na gegedu lililokuwa juu yake, na hatimaye kikang'oka na kuwa kijiwe kinachozunguka ndani ya goti. Ugonjwa huo una jina refu la kitabibu, osteokondraitisi disekansi, na ndio unaotuletea wagonjwa wengi walio wadogo kwa umri.

Wapasuaji hawakukaa mikono mitupu kwa miaka hiyo yote. Richard Steadman wa Marekani aliieneza tangu miaka ya 1980 njia ya kutoboa vijitundu kwenye mfupa ulio wazi ili uboho utoke na kuganda juu yake. Kovu linaloota hapo husaidia shimo dogo kwa muda, ila si gegedu halisi na huchakaa mapema. László Hangody wa Hungaria alianza mwaka 1992 kuhamisha vipande vidogo vya mviringo kutoka pembezoni mwa goti la mgonjwa mwenyewe na kuvipanga shimoni, njia nzuri yenye kikomo cha wazi, maana goti moja halina akiba ya kutosha. Nao Wasweden wa Gothenburg, Lars Peterson na Mats Brittberg pamoja na wenzao, walichukua chembe za gegedu la mgonjwa, wakazizalisha maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazirudisha. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa mwaka 1987 na ripoti yao ya mwaka 1994 ilibadilisha taaluma nzima. Njia hiyo inatumika hadi leo ikiwa imeboreshwa, lakini inahitaji upasuaji mara mbili, na haitoshi peke yake pale ambapo mfupa wa chini nao umeoza au umetoweka.

Hapo ndipo inapoingia tishu ya mtoaji. Mjerumani Erich Lexer aliripoti mwaka 1908 kwamba alikuwa amepandikiza maungo kutoka kwa watu wengine, yakiwemo yaliyotoka kwenye viungo vilivyokatwa kwa sababu ya maradhi. Hakuwa na MRI, hakuwa na antibiotiki, na bado alipata mafanikio ya kutosha kuonyesha kwamba wazo halikuwa la kichaa. Baada yake jambo likalala kwa miongo kadhaa. Aliyelifanya kuwa tiba ya kila siku ni Allan Gross na timu yake ya Hospitali ya Mount Sinai mjini Toronto, walioanza kupandikiza vipande vibichi vya gegedu na mfupa kwenye magoti ya wagonjwa mwaka 1972, kisha wakafuatiwa na wenzao wa San Diego, California, ambako mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 1983. Hadi leo Kanada na Marekani ndizo zenye uzoefu mrefu zaidi, na sababu yake kubwa ni kwamba huko ndiko kulikojengwa benki za tishu, yaani taasisi zinazochukua, kupima na kuhifadhi tishu za waliofariki, zenye uwezo wa kuhudumia kazi hii.

Nimesema vipande vibichi, na neno hilo ndilo lenye uzito wote. Mifupa na kano za kupandikizwa zinaweza kugandishwa zikakaa kwenye friza kwa miaka, kwa sababu kazi yake ni kuwa jukwaa ambalo mwili wa mpokeaji utalijenga upya. Gegedu haliwezi kutendewa hivyo. Ukiligandisha kwa njia ya kawaida, fuwele za barafu huzipasua chembe zake, na gegedu lenye chembe zilizokufa halina wa kulikarabati; hupandikizwa likiwa zuri kwa macho, kisha hulainika na kuchanika kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo huwekwa kwenye kimiminika chenye virutubisho, katika ubaridi wa karibu nyuzi 4, na tangu hapo kalenda huanza kuhesabu. Chembe hubaki katika hali nzuri kwa takriban wiki mbili, kisha huanza kupungua, na wapasuaji wengi hawapendi kukitumia kipande kilichopita siku 28. Wakati huohuo vipimo vya maradhi na vya bakteria huchukua karibu wiki mbili za mwanzo kabla benki haijakiruhusu kitoke. Kinachobaki ni wiki mbili tu za kumtafuta mgonjwa mwenye goti la ukubwa ule, kumpigia simu, kupata idhini ya bima, kupata nafasi ya chumba cha upasuaji na kukisafirisha kipande chenyewe. Chuo Kikuu cha Missouri kimeunda mfumo wa kukihifadhi katika joto la kawaida la chumba, kikiwa ndani ya kimiminika maalumu, hadi siku 56, na kwa mtu anayepanga ratiba za upasuaji kama mimi, nafasi hiyo ya ziada ni nafuu kubwa mno.

Watu huuliza kwa nini vipimo visifupishwe. Jibu liko Minnesota, mwezi Novemba mwaka 2001, ambako kijana wa miaka 23, aliyekuwa na afya njema isipokuwa goti lake, alipandikizwa kipande cha mfupa na gegedu na akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi ulibaini kwamba tishu ile ilikuwa na bakteria aina ya Clostridium sordellii, na kwamba mwili wa mtoaji ulikuwa umekaa saa 19 bila kuwekwa kwenye jokofu kabla ya tishu kutolewa. Serikali ya Marekani ilipofuatilia iligundua maambukizo mengine yaliyotokana na tishu, na kanuni kali za namna ya kuchukua, kupima na kuhifadhi tishu za binadamu zikaanza kutumika kikamilifu mwaka 2005. Virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, kaswende, bakteria wa kila namna, vyote hupimwa, na historia ya afya na maisha ya mtoaji huulizwa kwa familia yake kwa maswali mengi. Kipande kibichi hakiwezi kuchemshwa wala kupigwa mionzi ya kuua vijidudu, kwa sababu kinachoua kijidudu kitaua pia chembe tunazozihitaji. Usalama wote umewekwa kwenye uchunguzi na usafi. Mimi sioni siku hizo kumi na nne kuwa ni ucheleweshaji.

Asubuhi ya upasuaji kipande hufika katika boksi lenye kuta nene za povu na vifuko vya barafu. Ndani yake mna chupa pana, na ndani ya chupa, kikielea katika kimiminika cha rangi ya waridi, mna nusu ya ncha ya mfupa wa paja wa binadamu. Lebo husema namba, umri, jinsia, goti la kushoto au la kulia, upana kwa milimita na tarehe ya mwisho ya kutumika. Jina halimo. Muuguzi mwenzangu huisoma lebo kwa sauti nami nikailinganisha na karatasi za mgonjwa, mstari kwa mstari, kabla mgonjwa hajapewa nusukaputi, kwa sababu chupa ikiwa na kasoro hatutaki kuligundua hilo wakati goti limekwisha kufunguliwa. Umri wa mtoaji karibu kila mara uko chini ya miaka 40, na mara nyingi ni chini ya 30, maana gegedu linalotakiwa ni lile ambalo halijachakaa. Ninaposikia mwenzangu akitamka umri wa miaka 19 au 22, hujua kwamba mahali fulani pana nyumba yenye msiba mpya, na kwamba katika saa za mwanzo za msiba ule kuna mtu alikubali kuzungumza kwa simu na mgeni kuhusu mifupa ya mwanawe.

Mpasuaji hulifungua goti, hulikagua shimo, kisha hupitisha pini ya kuongozea katikati yake, wima kabisa juu ya uso wa gegedu. Juu ya pini hiyo huteremsha keekee ya mduara inayolisafisha shimo mpaka liwe tundu la mviringo lenye kingo imara na kitako cha mfupa unaotoa damu, kwa kawaida kina cha milimita 6 hadi 8, hata zaidi pale mfupa unapokuwa umeharibika. Halafu hupima kina hicho pande nne, juu, chini, kulia na kushoto, naye huzitaja namba kwa sauti nami nikaziandika kwa kalamu isiyo na vijidudu kwenye karatasi iliyo mezani. Goti si tambarare, kwa hiyo namba hizo nne hazilingani. Kwenye meza ya pembeni kipande cha mtoaji hubanwa kwenye kifaa maalumu, hutafutwa mahali penye mpindo uleule, na msumeno wa mviringo hukata kizibo chenye kipenyo cha tundu lile. Wakati wa kukata mimi humwaga maji ya chumvi bila kukoma, kwani joto la msumeno linatosha kuziua chembe za ukingoni. Kisha mfupa wa chini ya kizibo hupunguzwa kwa msumeno na tupa ndogo, kila upande kwa namba yake, mpaka kizibo kikae sawasawa kama gegedu la mwenyewe lilivyokuwa. Kikichomoza hata milimita moja, kitasuguana na kubanwa kila mtu anapopiga hatua.

Kabla ya kukiingiza, mfupa wa kizibo huoshwa kwa bomba linalorusha maji kwa nguvu na kwa mapigo, mpaka ugeuke kutoka wekundu kuwa mweupe. Kinachoondolewa ni uboho na damu ya mtoaji, sehemu ambazo kinga ya mwili wa mpokeaji ingezitambua kuwa ni za mgeni. Gegedu lenyewe halina shida hiyo kwa kiwango kikubwa, kwa sababu chembe zake zimejificha ndani ya wavu mnene usiofikiwa na damu, na kwa sababu hiyo mpokeaji hatumii dawa za kushusha kinga kama anazotumia mtu aliyepandikizwa figo. Hatuhitaji kulinganisha aina za tishu. Tunalinganisha ukubwa na mpindo. Kizibo huingizwa kwa kukisukuma kwa kidole gumba na, ikibidi, kwa kukigonga kidogo sana, maana imethibitishwa maabara kwamba mapigo ya nyundo huziua chembe za juu ya gegedu. Nimewaona wapasuaji ambao mikono yao ni mizito katika kazi nyingine wakilegea ghafla hapa. Kikikaa vizuri, mara nyingi hakihitaji hata skrubu, na mpaka kati yake na gegedu la mwenyeji ni uzi mwembamba tu.

Yanayofuata hutokea polepole ndani ya mwili. Mfupa wa mgonjwa huanza kuingia ndani ya mfupa wa kizibo, huula kidogokidogo na kujenga wa kwake mahali pake, mpaka baada ya muda mrefu kitako chote huwa mali ya mpokeaji. Gegedu la juu halibadilishwi. Chembe za mtoaji huendelea kuishi, zikilishwa na ute wa goti la mtu mwingine, na kuendelea na kazi yao ileile ya kuutunza wavu. Mwaka 2007 iliripotiwa katika jarida la tiba ya mifupa habari ya mgonjwa ambaye, miaka 29 baada ya kupandikizwa, chembe za mtoaji zilikutwa bado ziko hai ndani ya goti lake. Nimeisoma ripoti hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma hushangaa upya.

Kwa takwimu za jumla, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban asilimia 87 ya vipandikizi vya goti bado vinafanya kazi baada ya miaka 5, asilimia 79 baada ya miaka 10, na karibu theluthi mbili baada ya miaka 20. Hizo ni namba nzuri kwa mtu mwenye miaka 25 ambaye akiwekewa goti la chuma na plastiki leo atalazimika kulibadilisha mara moja au zaidi kabla ya uzee. Lakini wastani huficha mengi. Shimo lililo kwenye ncha ya mfupa wa paja ndilo linaloitikia vizuri zaidi. Lililo nyuma ya pia ya goti huitikia kwa shida zaidi, na pale ambapo nyuso mbili zinazokabiliana zote zimeharibika, matokeo hushuka sana. Kwa upande wangu naamini daktari asiyemweleza mgonjwa tofauti hizi kabla ya kusaini fomu hajamtendea haki.

Na ni lazima niseme kwa uwazi kwa wale wanaonipigia simu: wengi wenu mnaoumwa magoti hamhitaji tiba hii, wala haitawafaa. Ni tiba ya shimo moja, kwa kawaida kubwa kuliko sentimita mbili za mraba, katika goti ambalo sehemu nyingine bado ni nzima. Mama wa miaka 62 ambaye gegedu lake limesagika pande zote hana shimo la kuzibwa. Atasaidiwa na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, dawa za maumivu kwa uangalifu, na wakati ukifika, goti la bandia, upasuaji unaofanyika Dar es Salaam na Nairobi. Mwenye baridi yabisi isiyodhibitiwa hafai, kwa sababu ugonjwa uleule utakila na kipandikizi. Mwenye matege lazima anyooshwe mguu kwanza au siku hiyohiyo kwa kukatwa na kupangwa upya mfupa, la sivyo uzito wote utashukia palepale kizibo kilipowekwa. Kano zilizokatika lazima zitengenezwe. Mvutaji wa sigara huambiwa aache, na huo si ushauri wa adabu tu, maana mfupa wake huunga vibaya.

Aliyefaa na akafanyiwa hutembea kwa magongo kwa wiki 6 hadi 8, akiugusisha mguu chini bila kuutwisha uzito, huku goti likikunjwa na kukunjuliwa kila siku ili ute uzunguke. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Maumivu ya upasuaji hupungua mapema kuliko mfupa unavyounga, na kijana anayejisikia mzima hushawishika kuyatupa magongo. Mazoezi ya viungo huendelea kwa miezi, na kurudi kukimbia au kucheza mpira huzungumziwa kuanzia miezi 6, mara nyingi karibu na mwaka. Wapasuaji wengi humshauri mgonjwa aiache kabisa michezo ya kuruka na kugongana, nami nakubaliana nao, ingawa nimeshuhudia ushauri huo ukipokewa kwa machozi.

Baadhi ya wagonjwa huniuliza kama wanaweza kuishukuru familia ya mtoaji. Wanaweza. Barua hupelekwa benki ya tishu, ambayo huisoma, huondoa jina la ukoo na anwani, kisha huiuliza familia kama iko tayari kuipokea. Nawashauri waeleze kazi yao, watoto wao, na jambo moja wanaloweza kulifanya sasa ambalo awali hawakuliweza.

Kwa nini basi tiba hii haipo Afrika Mashariki? Tatizo halijawa mikono ya wapasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ina madaktari bingwa wanaofanya upasuaji wa goti kwa kamera, na Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Kinachokosekana ni mnyororo: sheria inayoeleweka kuhusu tishu za waliofariki, timu inayoweza kufika mochwari ndani ya saa 24 za kifo, maabara ya vipimo vyote vile, jokofu lisilozimika umeme unapokatika, na usafiri wa uhakika. Kipandikizi peke yake huku Marekani kinaweza kuzidi dola 10,000, kabla ya kuhesabu hospitali na mpasuaji. Kenya imekwisha kuweka masuala ya utoaji wa viungo na tishu katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na Nairobi ina benki ya macho inayopokea konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, za waliofariki. Konea nayo haina mishipa ya damu, nayo hupandikizwa ikiwa hai, nayo huhitaji familia iliyokubali mapema. Nchi inayoweza kuendesha benki ya konea imekwisha kujifunza sehemu ngumu ya kazi hii, na ningependa kuwaona wapasuaji wa mifupa wa kwetu wakikaa meza moja na wenzao wa macho.

Mimi mwenyewe nimejiandikisha kuwa mtoaji. Umri wangu umekwisha kuvuka ule wa gegedu bichi, lakini ngozi, konea, kano na mifupa bado vinaweza kumsaidia mtu. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, hakuuliza kuhusu sayansi. Aliuliza, "Mwanangu, wakishatoa mifupa, waoshaji watakuta nini?" Nikamweleza nilivyoona: kazi hufanywa kwa usafi na utaratibu wa chumba cha upasuaji, mahali pa mfupa huwekwa fimbo ya bandia ili mguu ubaki na umbo lake, mikato yote hushonwa, na mwili unaoshwa na kuvishwa sanda kama mwili mwingine wowote. Akauliza kuhusu muda, kwa kuwa sisi hatupendi kumchelewesha maiti, nikamwambia kwamba ni kazi ya saa kadhaa na familia inaweza kueleza tangu mwanzo kwamba inataka kuzika upesi. Akauliza masheikh wanasemaje. Nikamtajia uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, uliotolewa Jeddah mwaka 1988, ulioruhusu kupandikiza kutoka kwa aliyefariki kwenda kwa aliye hai kwa masharti, likiwemo la ridhaa ya marehemu mwenyewe au warithi wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na imamu wa mtaani na baadaye ampigie kaka yangu aliyeko Columbus, maana simu ya benki ya tishu ikija, kaka ndiye atakayeulizwa yale maswali yote kuhusu afya yangu, na hapendi aulizwe akiwa hana habari.